Programu za Kuua Programu

Mapema mwaka 2011 Safaricom ilianza kuuza nchini Kenya simu ndogo ya Huawei iliyoitwa IDEOS. Bei yake ilikaribia dola 100, wakati ambao simu nyingi za Android bado zilikuwa za wenye nazo. Kioo kilikuwa cha inchi 2.8, prosesa ilikwenda kwa megahezi 528, na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa megabaiti 256 tu, robo ya gigabaiti moja. Kwa maelfu ya watu hiyo ndiyo Android ya kwanza kuimiliki, na haikuchukua muda wakaanza kulalamika kama wenye Android kila mahali: simu inakwama, chaji haifiki jioni. Dawa iliyokuwa midomoni mwa kila mjuaji ilikuwa moja. Pakua programu ya kuua programu nyingine.

Kichekesho ni kwamba dawa hiyo ilikuwa imeshaisha nguvu kabla IDEOS haijatia mguu Nairobi. Simu ilikuja na Android 2.2, toleo ambalo Google ililitoa Mei 2010, na ambalo ndani yake wauaji hao walikuwa wameshang'olewa meno. Hata hivyo walipakuliwa, wakasambaa, wakazaa wengine, na miaka michache baadaye wakawa biashara ya mamilioni ya dola iliyofika hadi soko la hisa la New York. Namna dawa hii ilivyopata wateja wengi baada ya kuisha nguvu kuliko ilipokuwa nayo ni habari inayoanzia kwenye mashine za zamani zaidi, ambazo iliziponya kweli.

Aprili 2000 Microsoft ilizindua Pocket PC, mfumo wa kompyuta za kiganjani uliokuja kuitwa Windows Mobile na kuingia kwenye simu. Juu pembeni mwa dirisha kulikuja kuwekwa alama ya X, ileile aliyoizoea kila aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta ya ofisini. Kwenye kompyuta X ilifunga. Kwenye Pocket PC ilificha tu. Programu iliondoka machoni lakini ikabaki kwenye kumbukumbu, na baada ya saa chache za kufungua kalenda, barua pepe, ramani na muziki, mashine ilikuwa imevibeba vyote kwa pamoja. Aliyetaka kuifunga programu kwa dhati alilazimika kwenda kwenye mipangilio, aingie sehemu ya mfumo, afungue kumbukumbu, achague orodha ya programu zilizo kazini, aguse jina kwa kalamu ya plastiki, ndipo abonyeze kitufe cha kusimamisha.

Microsoft ilikusudia mfumo wenyewe uzifunge programu zilizokaa muda mrefu pindi nafasi ikibana. Watumiaji hawakuwa na subira ya kungoja. Kampuni ya Spb Software ikatengeneza programu ya Pocket Plus ambayo, pamoja na mambo mengine, iliifanya ile X ifunge kweli, na watu wakailipia. HTC nayo ikaanza kuweka kidhibiti chake cha programu kwenye simu zake za Windows.

Kwa wenye Nokia shida ilikuwa wazi zaidi. N95, iliyotoka mwaka 2007 na ambayo kwa wakati wake ilikuwa simu ya kujionyeshea, ilikuwa na RAM ya megabaiti 64, na sehemu kubwa ya hizo ililiwa na mfumo wa Symbian wenyewe. Ukifungua kivinjari, kamera na muziki kwa mpigo, ulitokea ujumbe kwamba kumbukumbu imejaa, funga baadhi ya programu ujaribu tena. Simu yenyewe ilimwomba mwenyewe aue. Alishikilia kitufe cha menyu, safu ya aikoni za programu zilizo wazi ikajitokeza, akasogea hadi kwenye aliyoitaka na kubonyeza C, kitufe kilekile cha kufutia herufi iliyokosewa. Programu ikafa, nafasi ikapatikana, kamera ikafunguka. Aliyeishi na simu ya namna hiyo kwa miaka mitatu au minne alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba programu iliyofichika ni mzigo, na kwamba kuutua ni kazi yake.

Watu hao hawakuwa wajinga. Waliisoma mashine yao vizuri, wakahama nayo imani hiyo hadi kwenye mashine nyingine iliyojengwa kwa fikra tofauti kabisa.

Lakini mazoea peke yake hayauzi kitu. Biashara ya kuuza nafasi ya kumbukumbu ina asili yake nyingine, na mfano wake ulio wazi zaidi ni SoftRAM95, programu ya kampuni ya Syncronys Softcorp ya California. Mwaka 1995 Windows 95 ilikuwa imetoka, kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na RAM ya megabaiti 4 au 8, na kuongeza RAM kulikuwa ghali. Syncronys ikaahidi kuiongeza maradufu kwa diski tu, bila bisibisi wala fundi. Mamia ya maelfu ya nakala ziliuzwa. Kioo kiliwaonyesha wanunuzi kwamba kumbukumbu imeongezeka. Wataalamu waliochambua msimbo wake, akiwemo Mark Russinovich ambaye baadaye alikuja kuwa kigogo wa Microsoft, wakakuta kwamba haifanyi kilichoahidiwa. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikaishughulikia kampuni hiyo kwa madai ya uongo: kwa watumiaji wa Windows 95, tume ilisema, programu haikuongeza RAM wala kasi. Syncronys ilifilisika miaka michache baadaye.

SoftRAM95 iliacha funzo ambalo wafanyabiashara walilishika haraka kuliko wanunuzi. Mtu wa kawaida hana njia ya kuiona RAM. Hujua tu namba anayoonyeshwa, na anayeshika namba hiyo ndiye anayeshika imani yake.

Oktoba 2008 simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliingia madukani Marekani kwa jina la T-Mobile G1. RAM yake ilikuwa megabaiti 192. Walioiunda Android walijua nafasi ni finyu, na walijua pia kwamba mtu aliye na simu mfukoni hataki kazi ya kuamua kipi kife na kipi kiishi. Wakaigeuza dhana nzima. Katika Android hakuna kufunga programu kwa maana ya zamani. Ukiiacha, inabaki kwenye kumbukumbu ikiwa imetulia, haipewi kazi na prosesa, na inangoja. Nafasi ikihitajika, mfumo unaiua wenyewe bila kumwuliza mtu, na kabla ya hapo programu hupewa nafasi ya kuhifadhi ilipofikia ili ikifunguliwa tena ionekane kana kwamba haikuwahi kuondoka. Kazi ya kuua ilipewa sehemu ya kiini cha Linux iliyopangiwa ngazi sita: kwanza ziondoke zile zilizobaki tupu, kisha zilizo chinichini zisizo na kazi, na mwisho kabisa, mambo yakiwa mabaya sana, iguswe ile iliyo mbele ya macho.

Dianne Hackborn, mmoja wa wahandisi wakuu wa Android, aliyepitia BeOS na Palm kabla ya kuja Google, aliyaeleza haya yote kwa urefu Aprili 2010 katika maandishi aliyowalenga waundaji programu. Linalofuata kutokana na mpango huo ni gumu kumeza kwa aliyelelewa na Nokia: kumbukumbu iliyojaa ndiyo hali inayotakiwa. RAM hula karibu umeme uleule iwe imejaa au iwe tupu. Kinachokula chaji ni prosesa, kioo na redio ya mtandao. Programu iliyo chinichini imekwisha kulipiwa gharama ya kupakiwa kutoka kwenye hifadhi. Kuiua ili uifungue tena baada ya dakika kumi ni sawa na kuzima jiko la mkaa kila baada ya kukaanga chapati moja.

Lakini baadhi ya waundaji wa nje walikuwa wameshika njia nyingine. Katika soko la programu la Android, ambalo hadi Machi 2012 liliitwa Android Market, programu iliyopata umaarufu mapema ilikuwa Advanced Task Killer. Ukiifungua ilikuonyesha juu kiasi cha kumbukumbu iliyo wazi, chini yake orodha ndefu ya majina, kila moja na alama ya tiki ya kijani, na kitufe kikubwa cha kuua zilizochaguliwa. Ukibofya, orodha ilifutika na namba ya juu ikapanda. Ndani ya mipangilio yake kulikuwa na uwezo wa kuua bila kuombwa: kila kioo kinapozimika, au kila baada ya muda fulani. Ukali nao ulichaguliwa kwa ngazi, kuanzia ya salama, kwenda ya ukali, hadi ile ambayo walioiandika waliipa wenyewe jina la wazimu.

Jina hilo lilistahili. Amri iliyotumiwa na programu hizo wakati huo ilikuwa na nguvu kupita kiasi: iliisimamisha programu lengwa na kila kitu chake, pamoja na huduma zake za chinichini na kengele ilizokuwa imeziweka. Mtu aliyeweka kengele ya saa kumi na moja alfajiri kisha akaacha muuaji wake afagie usiku kucha, aliamshwa na jua. Barua pepe hazikuingia. Kalenda ilinyamaza. Malalamiko yalielekezwa kwa Google na kwa waundaji wa programu zilizouawa, kwa kuwa hakuna aliyemshuku mfagizi.

Ndiyo sababu ya lile badiliko la Mei 2010. Android 2.2 iliiondolea amri ya zamani nguvu zake, na maelezo ya Google kwa waundaji yalitaja waziwazi kwamba iliruhusu programu moja kuziharibu nyingine kwa kuzifutia kengele na kuzisimamishia huduma. Amri mpya iliyoachiwa wauaji iliweza kuondoa zile tu ambazo mfumo wenyewe ungeweza kuziondoa wakati wowote, yaani zilizokaa chinichini bila kazi. Kwa maneno mengine, kuanzia hapo muuaji aliruhusiwa kuua wale ambao kufa kwao hakukuwa na faida yoyote. Tena wengi wao walifufuka papo hapo. Programu iliyojiandikisha kuitwa kila mtandao unapobadilika, au yenye huduma ambayo mfumo umeagizwa kuirudisha, ilipakiwa upya sekunde chache baadaye, muuaji akaikuta tena kwenye orodha, akaiua tena. Mchezo huo wa paka na panya ulikula prosesa, na prosesa ikala chaji. Aliyetazama namba ya juu aliiona ikipanda kila anapobofya, akaridhika, na baada ya muda akaikuta imeshuka, akabofya tena.

Hapo ndipo IDEOS ilipomkuta Mkenya wa mwaka 2011. Na kusema haki, hali yake ilikuwa tofauti na ya Mmarekani aliyenunua simu ya dola 500. Katika megabaiti 256, mfumo ulikuwa unaua mfululizo hata bila kusaidiwa. Ukitoka kwenye kivinjari kwenda kusoma ujumbe na kurudi, ukurasa ulianza kupakiwa upya, na bando likaliwa mara mbili. Simu ilikuwa nzito kweli. Iliyokosewa ni tiba, kwa sababu simu inayokwama kwa kuua na kupakia mfululizo huzidiwa unapoiongezea mauaji mengine.

Kwa upande wa Apple, mjadala ulianzia kwingine. iPhone ya kwanza haikuruhusu kabisa programu za nje zifanye kazi chinichini, ukitoka, imekwisha. Aprili 2010, mwezi uleule ambao Hackborn aliandika, Steve Jobs alitangaza kwamba toleo la nne la mfumo wa iPhone litaruhusu, lakini kwa simu zenye nafasi ya kutosha. iPhone 3G yenye megabaiti 128 ikaachwa nyuma. Alipoulizwa siku hiyo watu watazifungaje programu hizo, alijibu kwamba mtumiaji hapaswi kulifikiria jambo hilo hata kidogo, na kwamba mfumo unaomwonyesha mtu kidhibiti cha kufungia programu umeshindwa kazi. Kisha Apple ikatoa mfumo ambao, ukibonyeza kitufe cha nyumbani mara mbili na kushikilia aikoni, alama nyekundu ya kutoa ilijitokeza ili uifunge programu. Mwaka 2013, kwa iOS 7, alama hiyo iligeuzwa kuwa kadi unayoirusha juu kwa kidole. Kitendo kile kina utamu wake. Mamilioni ya watu wakakifanya kila siku kama wanavyofunga mlango.

Machi 2016 mteja mmoja alimwandikia barua pepe Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, akitaka kujua kama yeye hufunga programu zake mara kwa mara, na kama kufanya hivyo kunahitajika ili kuokoa chaji. Aliyejibu ni Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, kwa maneno machache: hapana, na hapana. Siku chache baadaye Hiroshi Lockheimer, aliyeongoza Android, akasema hadharani kwamba kwa upande wake mambo ni yaleyale, na kwamba kufunga huko kunaweza hata kuharibu kidogo, isipokuwa kwa mtu anayejua hasa atafungua nini baadaye. Ni nadra kampuni hizo mbili kukubaliana waziwazi namna hiyo.

Hakuna aliyeacha.

Kwa kuwa kufikia wakati huo usafishaji ulikuwa na wenyewe. Clean Master ilitoka mwaka 2012, ikitengenezwa na kampuni ya Beijing iliyokuja kujiita Cheetah Mobile, chini ya uongozi wa Fu Sheng. Ilikuwa ya bure na ilipendeza. Pale ambapo Advanced Task Killer ilikuwa na orodha kavu ya mafundi, kizazi hiki kipya kilikuja na duara linalozunguka, asilimia inayoshuka kutoka rangi nyekundu hadi kijani, roketi na mifagio. Neno la kuua likapotea; likaja la kusafisha, la kuongeza kasi, la kupoza prosesa. Hilo la kupoza lilifanywa kwa michoro ya theluji, jambo ambalo hata Syncronys haikulifikiria.

Mei 2014 Cheetah Mobile ikaorodhesha hisa zake New York na kukusanya dola milioni 168. Fedha hizo wawekezaji hawakuzitoa kwa ajili ya RAM. Walinunua watu wanaofungua programu mara kadhaa kwa siku kwa hiari yao, na kila wanapomaliza kusafisha wanakuta tangazo. Lakini matangazo yenyewe ni mzigo. Miaka miwili kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wakishirikiana na Microsoft walikuwa wamepima programu za bure zilizopendwa na kukuta kwamba kati ya asilimia 65 na 75 ya nishati yake ililiwa na sehemu za matangazo za kampuni za nje: kuyatafuta, kuyapakua, kutuma taarifa za mahali alipo mtumiaji. Programu ya kuokoa chaji inayoishi kwa matangazo ilikuwa inachota kwenye pipa lilelile inalodai kulijaza.

Mwisho wa Clean Master kwenye duka la Google haukuletwa na hoja za wahandisi. Novemba 2018 BuzzFeed News, ikitumia uchunguzi wa kampuni ya Kochava, iliripoti kwamba programu kadhaa za Cheetah zilikuwa zikijidai kuwa ndizo zilizomshawishi mtu kupakua programu nyingine, ili zilipwe kamisheni zisizostahili. Cheetah ilikanusha na kuwanyooshea kidole washirika wake wa matangazo. Februari 2020 Google ikaondoa karibu programu 600 kwa kosa la matangazo yanayomvuruga mtumiaji, na za Cheetah zikawa miongoni mwake. Clean Master ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwacheka wote waliobofya ile roketi. Lakini shaka yao kwamba kuna kitu kinakula chaji kwa siri haikuwa ndoto. Oktoba 2015 watumiaji wa iPhone waligundua kwamba programu ya Facebook inamaliza betri hata isipofunguliwa. Ari Grant, mhandisi wa Facebook, alikiri makosa mawili. La kwanza lilikuwa kwenye msimbo wa mtandao, ambamo prosesa iliulizwa swali lilelile mfululizo badala ya kungoja jibu. La pili lilihusu sauti: mtu akitazama video kisha akatoka, programu iliendelea kushikilia njia ya sauti kimyakimya, na simu ikaiona kama kicheza muziki kilicho kazini. Hapo kuifunga programu kwa mkono kulisaidia kweli, mpaka marekebisho yalipotolewa. Hali kadhalika kwa programu iliyoganda, au ya ramani iliyoachwa ikifuata barabara baada ya safari kuisha. Tofauti ni kwamba dawa hapo ni ya programu moja iliyougua, na orodha ya matumizi ya betri kwenye mipangilio huitaja kwa jina. Kuzifuta zote kwa mkupuo ni kuwapa sindano watoto wa shule nzima kwa homa ya mmoja.

Google yenyewe ilitambua kwamba programu nyingi hazina adabu zikiachwa chinichini, na badala ya kuwaachia wauaji ikaanza kuzibana kwa sheria za mfumo. Android 6 ya mwaka 2015 ilileta hali ya kusinzia: simu ikiachwa mezani bila kuguswa, shughuli za chinichini zinasogezwa zifanyike kwa vipindi. Android 8 ya 2017 ikapunguza huduma za chinichini na ule mtindo wa programu kuamshwa kwa kila jambo dogo linalotokea. Mwaka huohuo Google ikatangaza Android Go kwa simu zenye RAM ya gigabaiti moja au pungufu, nyingi zikilengwa kwa masoko kama ya kwetu.

Watengenezaji wa simu waliona hilo halitoshi. Huawei, Xiaomi, Samsung na wengine waliongeza tabaka zao juu ya Android, na ndani yake wakaweka wauaji wao, wenye mamlaka ambayo Advanced Task Killer haikuwahi kuyapata hata enzi zake. Simu za Transsion, kampuni ya Shenzhen inayouza Tecno, Infinix na itel na iliyotangulia wote kwa mauzo barani Afrika, zilikuja na Phone Master tayari imo ndani. Anayenunua Tecno Kariakoo au Luthuli Avenue hahitaji tena kushauriwa apakue kitu. Roketi ameikuta kwenye boksi.

Mauaji hayo ya kiwandani yana ufanisi, na ndiyo balaa lake. Ujumbe wa WhatsApp unangoja hadi ufungue programu ndipo uingie kumi kwa pamoja. Dereva wa teksi za mtandaoni anazima kioo akisubiri abiria, programu inauawa, na maombi yanakwenda kwa mwenzake aliyeegesha mtaa wa pili. Wenye uzoefu wameshajua kuingia kwenye mipangilio ya betri na kuiondolea programu hiyo vizuizi kabla hawajaanza zamu. Programu za kufuatilia usingizi au mbio zinakata katikati. Timu ya Urbandroid, waundaji wa Sleep as Android, walichoshwa na kulaumiwa kwa kengele ambazo simu ndiyo iliyozizima, wakaanzisha orodha iitwayo Don't Kill My App inayowapanga watengenezaji kwa ukali wao wa kuua. Kwa muda kileleni alikaa Nokia, jina ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa HMD Global na ambalo lilijinadi kwa Android safi isiyo na makorokoro. Ndani yake ilikuwemo programu ya kubana matumizi ya Evenwell iliyoua karibu kila kitu baada ya kioo kuzimika. Mwaka 2019, baada ya kelele nyingi, HMD ikaamua kuizima.

Oktoba 2023 Google ilitoa Android 14, na ndani yake ile amri iliyobaki tangu mwaka 2010 ikafungiwa kabisa: programu ya kawaida sasa inaweza kuua michakato yake yenyewe tu. Ikijaribu kuua ya mwingine, hakuna kinachotokea. Maelezo rasmi kwa waundaji yanaongeza kwamba haiwezekani kwa programu ya nje kuboresha kumbukumbu, chaji au joto la simu ya Android, na kwamba anayedai kufanya hivyo aangalie asije akavunja sera ya duka kuhusu madai ya kupotosha. Zuio hilo haliwagusi watengenezaji wenyewe. Wao wametengewa ruhusa maalumu ya mfumo, na programu zilizokuja na simu zinaendelea kufagia kama kawaida. Programu za kusafisha za watu wengine bado zinapatikana kwa mamia, duara linazunguka, asilimia inashuka hadi kijani, na tangazo linafuata.